Eclipse 4diac: mfumo huchorwa kwanza, vifaa hugawiwa baadaye

Aliyezoea kuandika programu za PLC (kidhibiti cha kielektroniki cha mitambo) kwa mtindo wa IEC 61131-3, kiwango cha lugha za vidhibiti hivyo, ambapo kwa kawaida programu nzima hupitiwa upya katika kila mzunguko, atahitaji siku kadhaa kabla ya kuizoea Eclipse 4diac. Programu hii huria ya kubuni mifumo ya kuendesha mitambo imejengwa juu ya kiwango cha IEC 61499, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, na ndani yake bloku (kipande cha programu chenye kazi yake) hukaa kimya mpaka ipelekewe tukio, yaani ishara ya kuiamsha. Nililipuuza jambo hilo katika zoezi langu la kwanza, la tangi lenye pampu moja na kihisi cha kina cha maji: nilichora waya wa data kutoka kwenye kihisi hadi kwenye bloku ya kulinganisha, nikasahau waya wa tukio. Upande mmoja wa skrini namba ilipanda, upande wa pili ikaganda, na pampu ikaendelea kusukuma. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nachora nyaya za matukio kwanza.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mfumo huchorwa bila kujali utakaa kwenye kifaa kipi. Bloku ya pampu, iliyobeba ndani yake hali zote za pampu hiyo (imezimwa, inafanya kazi, ina hitilafu), hutengenezwa mara moja na kutumika popote penye pampu, na mchoro ukishakamilika ndipo kila bloku hukabidhiwa kifaa chake. Nilipoihamisha bloku ya kengele kutoka kwenye kompyuta ya mezani hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, mantiki yake haikuguswa. Niliongeza tu bloku za PUBLISH (kutuma) na SUBSCRIBE (kupokea) ili data ivuke mtandao.

Ugumu uko kwenye FORTE, sehemu ya 4diac inayoendesha bloku ndani ya kifaa, iliyoandikwa kwa lugha ya C++. Bloku uliyoibuni mwenyewe kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa msimbo wa C++, kisha FORTE hujengwa upya kwa CMake (zana ya kujengea programu), kazi inayoweza kumchosha fundi wa umeme asiyezijua zana hizo. Modbus na OPC UA, njia za vifaa kuwasiliana, nazo huchaguliwa wakati wa ujenzi huo huo.

Kwa mtambo wenye kidhibiti kimoja nisingejisumbua nayo. Vikiwa vitatu au vinne vinavyowasiliana, ningeichagua, ila ningeijenga FORTE pamoja na moduli zote za mawasiliano kabla ya kuchora bloku ya kwanza.