Walimvua chui wangu nguo sokoni: uzoefu wangu na meza ya mchezo Kisumu

Kama mhusika wako ni mpiga upanga, mrusha mishale au mwizi wa kufungua kufuli, nenda, utafurahia. Kama mhusika wako hujigeuza mnyama, soma kwanza kabla hujatuma hela.

Ni mkahawa wa ghorofani hapa mjini Kisumu, wenye meza za Dungeons & Dragons jioni za wikendi, ule mchezo wa kusimulia hadithi ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua akifaulu au akishindwa. Jina silitaji. Unalipa kwa M-Pesa, unapata kiti, soda na kijana wa kuongoza mchezo. Mambo ya dadu na hatua za mhusika unaweza kuyasoma popote. Mimi kilichonileta ni nguo.

Mhusika wangu ni druidi, yaani mganga wa porini anayeweza kujigeuza mnyama, anaitwa Akoko. Nilimlea kichwani muda mrefu kabla sijampeleka mezani. Niliandika kwamba kila aendako amejifunga leso ya bibi yake, leso yenye alama ya kuungua pembeni, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho kijijini. Maelezo hayo nilimtumia kiongozi wa mchezo mapema, akanijibu kwa dole gumba. Na haki yake nimpe: mwanzoni alinifurahisha mno. Kijana ana sauti. Ramani aliichora kwa mkono wake, na alipoigiza mchuuzi mjanja wa samaki, meza nzima ilisahau kwamba hakuna samaki. Nilikuwa nishaanza kutunga maneno ya kumsifu.

Kisha tukavamiwa sokoni. Nikasema Akoko anageuka chui. Tukapigana, tukashinda. Nikasema sasa anarudi kuwa mtu. Kijana akatabasamu, akawatazama wenzangu kwanza, ndipo akanigeukia: "Leso ilichanika ulipogeuka. Umesimama katikati ya soko uchi wa mnyama. Watu wote wanakutazama. Unafanya nini?"

Meza ikaangua kicheko. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mmoja wao akaomba arushe dadu ajue kama mhusika wake "ameona vizuri". Na akaruhusiwa! Akarusha, na kiongozi akamweleza alichokiona. Sitakiandika hapa.

Nilisema kwa upole kwamba sheria haiko hivyo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinamwachia druidi mwenyewe achague: vitu vyake vianguke pale aliposimama, viyeyuke ndani ya umbo jipya, au mnyama avivae kama vinamkaa. Vilivyoyeyuka havifanyi kazi mpaka atoke katika umbo la mnyama, lakini hurudi naye. Kijana alichanganya na mtu-mbwamwitu wa kitabu cha mazimwi, ambaye nguo na silaha zake hazigeuki pamoja naye. Na hata huyo hakuandikiwa kwamba nguo lazima zichanike. Akanijibu: "Madam, hii ni meza yangu. Ni nguo tu, tuendelee."

Ni nguo tu! Maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo.

Anayezipenda hadithi za watu wanaojigeuza anajua kwamba swali la nguo ni la kale, na waliolishughulikia hawakuliona dogo. Ovid, mshairi wa Roma, alipomgeuza mfalme Lycaon kuwa mbwamwitu, zile nguo zilikuwa manyoya papo hapo. Petronius, mwandishi mwingine wa Roma, ana askari anayevua nguo kando ya barabara penye makaburi, anazikojolea kwa kuzizunguka, anageuka mbwamwitu, nazo nguo zinakuwa mawe. Lakini anayenigusa zaidi ni Marie de France, aliyetunga katika karne ya 12 shairi la Bisclavret, bwana ambaye huvua nguo na kuzificha kabla ya kuwa mbwamwitu. Mkewe akambembeleza mpaka akajua zinapofichwa, akamtuma mwanamume mwingine azichukue, na mume akakwama katika umbo la mnyama. Bila nguo zake hawezi kurudi kuwa mtu. Siku zilipopatikana, ziliwekwa mbele yake kwenye ukumbi wa mfalme, naye hakuzitazama. Mshauri mmoja mwenye busara akaeleza kwamba mnyama huyu anaona haya kugeuka mbele ya watu, heri apelekwe chumbani na nguo zake, aachwe peke yake. Wakamfungia katika chumba cha mfalme mwenyewe. Waliporudi wakamkuta bwana yule amelala kitandani.

Zaidi ya miaka 800 iliyopita, mwandishi alijua kwamba mbwamwitu anahitaji mlango wa kufunga. Mimi, Kisumu, nimelipa kiti changu, na mhusika wangu hakupewa hata kona ya kibanda ajisitiri.

Tena mmoja wa wale wavulana, alipoona nimekasirika, akadakia: "Si hata jajuok hukimbia uchi?" Ndiyo, jajuok, yule mkimbiaji wa usiku wa Waluo, hukimbia uchi, ndivyo tulivyosimuliwa sote huku Nyanza. Lakini jajuok huzivua mwenyewe, usiku, mahali alipopachagua, na hofu yake yote ni kutambuliwa. Ndiyo maana kukamatwa kwake ni aibu ya ukoo mzima. Mtu hawezi kumfanya yeye kuwa shahidi wa kumvua mwingine mchana sokoni. Nilimwambia hivyo hivyo, akanyamaza, akajifanya anahesabu dadu zake.

Nakubali kiongozi wa mchezo ana ruhusa ya kubadilisha sheria. Wengi hubadilisha, na zipo hadithi tamu ambamo nguo huchanika kila mara na mhusika hutembea na za akiba. Angeniambia mapema, Akoko angefungua leso na kumpa rafiki amshikie kabla ya kila pambano. Hebu fikiria huyo rafiki ni nani, na siku amekufa vitani leso ikabaki mikononi mwake. Ingekuwa hadithi bora kuliko niliyokuja nayo. Hapo ndipo panaponiuma: sheria yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya ni kuitunga papo kwa hapo, juu ya mchezaji mmoja, ili wengine wacheke.

Nikakaa pembeni nikatulia kidogo. Nikawaza kwamba kijana bado mdogo, meza ilikuwa imejaa, labda alitaka tu kuichangamsha. Nikaamua nitampa nyota tatu, zote za ile ramani na ile sauti. Nikashuka kaunta kuomba angalau nusu ya hela yangu. Aliyekuwepo akaniuliza, "Dada, kwani soda si umekunywa?" Nikauliza malalamiko hupelekwa kwa nani. Akanyoosha kidole juu kwa kijana yule yule, kumbe ni mmoja wa wenye mkahawa. Tatu zikawa moja pale pale.

Baadaye alinitumia ujumbe: nirudi, leso "watanirudishia". Pole hakuna. Hakuna hata neno moja juu ya yule aliyerusha dadu.

Siwezi kusema sitaki kurudi. Hapa mjini sijaona meza nyingine yenye msimulizi kama yeye, na Akoko bado yuko pale sokoni alipoachwa. Kuna jioni nimeshika simu nikitaka kuandika "sawa". Halafu nakumbuka kile kicheko, na namna alivyowatazama wao kwanza kabla ya kunitazama mimi, na hasira inapanda upya. Sijamjibu. Nyota inabaki moja. Akiomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, nitairekebisha siku hiyo hiyo.