Nimetumia upimaji wa bure wa macho, duka la miwani na uchunguzi kamili: havifanani

Neno "kupima macho" linatuponza. Tunalitumia kwa mambo matatu: kusimamishwa mbele ya chati kwenye hema la kambi ya upimaji wa bure, kutafutiwa namba ya lenzi kwenye duka la miwani, na kukaguliwa jicho hadi nyuma na daktari. Nimetumia huduma zote tatu. Lalamiko langu kubwa ni kwamba watu wanapewa ya kwanza au ya pili, wanaondoka wakiamini wamepata ya tatu.

Upimaji wa awali, ule wa kambi na wa shuleni, huchukua dakika 3 hadi 5. Unakaa mita 6 kutoka kwenye chati, unaziba jicho moja na kusoma. Kwa chati ya E unaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Ukiandikiwa 6/12, maana yake unahitaji kusogea hadi mita 6 kusoma kile ambacho jicho zima hukisoma likiwa mita 12. Mara nyingi mstari huo ndio mpaka: jicho likishindwa hapo, unapewa rufaa.

Ukifanywa sawasawa naupa nyota nne kati ya tano, kwa sababu unafanya kazi uliyoahidi: kuwatenga wanaohitaji kwenda mbele. Kinachouharibu zaidi ni umbali. Chumba kinakuwa kifupi, chati ya mita 6 inabandikwa ukutani, watu wanasimamishwa mita 4. Mstari wa 6/12 ukisomwa kwa mita 4 ni 4/12, yaani sawa na 6/18. Mtu aliyestahili rufaa anaambiwa macho yake mazima! Ukifika uliza chati ni ya mita ngapi (za mita 3 pia zipo), kisha hesabu hatua mwenyewe.

Kosa jingine ni kuziba jicho kwa vidole. Vidole vina upenyo, na mtoto atachungulia tu. Zibeni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kukandamiza, maana jicho lililokandamizwa hubaki na ukungu kwa muda na litashindwa zamu yake ikifika. Omba waanze na jicho unalolitilia shaka, kabla hujakariri mistari kwa jicho zuri. Hapa naisifu programu ya simu ya Peek Acuity, iliyojaribiwa Nakuru, Kenya: inaonyesha E moja moja, kwa hiyo hakuna cha kukariri.

Mpimaji anayeijua kazi namtambua kwa kifuniko cheusi chenye vitundu vya kama milimita 1. Ukishindwa mstari, anakuwekea hicho mbele ya jicho. Ukisoma zaidi kupitia kitundu, huenda shida yako ni ya miwani. Usiposoma zaidi, tatizo huenda liko kwingine: mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au mshipa wa fahamu wa jicho. Sekunde 20 hizo zinaamua uende duka la miwani au hospitali, na inasikitisha kuona kambi zisizokuwa nacho.

Sasa duka la miwani. Unaweka kidevu kwenye mashine, unaangalia picha ya puto mwisho wa barabara, kinatoka kikaratasi kama risiti. Kikaratasi hicho ni mahali pa kuanzia tu. Macho ya vijana hujikaza ndani ya mashine na mara nyingi namba ya kutoa (-), ile ya wasioona mbali, hutoka kubwa kuliko inavyostahili. Miwani ikitengenezwa moja kwa moja kutoka hapo, kichwa kitauma. Lazima uvalishwe fremu ya majaribio na kubadilishiwa lenzi: "hii, au hii?" Zikiwa sawa sema sawa, usibahatishe. Mwishoni utaonyeshwa herufi kwenye nyekundu na kijani. Kama za kijani ndizo zinazoonekana wazi zaidi, huenda umewekewa namba ya kutoa iliyopitiliza. Sema kabla hujalipia.

Lakini hata miwani ikitoka safi, nyuma ya jicho bado hapajaguswa. Presha ya macho (ugonjwa wa glakoma) hula uoni kutoka pembeni na kuacha katikati kwa muda mrefu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kusoma 6/6 mbele ya hema huku mshipa unakufa, na kilichopotea hakirudi. Mwenye kisukari anaweza kuwa na damu inayovuja kwenye retina na bado akasoma mstari wa mwisho. Mtoto mwenye namba ya kujumlisha +3, ya wanaopata shida kuona karibu, anaweza kuikaza lenzi ya jicho lake akapita shuleni bila shida, kisha kila jioni akakimbia daftari.

Uchunguzi kamili hugharimu saa 1 hadi 1 na nusu, na naupa nyota tano pale hatua zake zinapokuwepo. Daktari anauliza historia ya familia, anapima uoni, anamulika mboni kwa tochi akihama jicho hadi jicho, anakagua mbele ya jicho kwa hadubini yenye mwanga mwembamba. Kisha anapima presha, yaani mgandamizo wa ndani ya jicho: tone la ganzi, rangi ya manjano, mwanga wa bluu, ncha ndogo inagusa jicho bila kuuma. Kawaida ni 10 hadi 21. Legeza tai na kola, pumua kama kawaida, usiyakaze macho, kwani hayo yote hupandisha namba. Wala namba nzuri peke yake haitoshi, kwa sababu wapo wanaougua glakoma huku namba yao ikiwa ndani ya kawaida. Ndiyo maana kuangalia mshipa wenyewe ni lazima.

Hapo ndipo yanapokuja matone ya kutanua mboni. Yanawasha sekunde chache, unasubiri dakika 20 hadi 30, maandishi ya simu yanapotea, na jua la nje linachoma. Uoni wa karibu hurudi baada ya saa 4 hadi 6. Matone ya watoto hukaa zaidi, wakati mwingine hadi kesho yake. Usiendeshe gari wala bodaboda. Njoo na miwani ya jua, miwani yako ya zamani, orodha ya dawa na mtu wa kukusindikiza. Daktari akague kwanza nafasi ya mbele ya jicho. Ikiwa finyu, matone yanaweza kupandisha presha ghafla. Usiku huo ukiona jicho jekundu linaloumia, duara za rangi kwenye taa na kutapika, rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka omba karatasi yenye uoni wa kila jicho, presha, na ukubwa wa kishimo cha mshipa ukilinganishwa na kichwa cha mshipa wenyewe, kwa mfano 0.3. Tofauti inayozidi 0.2 kati ya jicho la kulia na la kushoto inahitaji maelezo. Mwenye kisukari arudi kila mwaka, na mwenye mzazi au ndugu mwenye presha ya macho asingoje dalili, wala asikubali hema limwambie yuko salama.