Gredi za Christgau kwa mpenzi wa roki nzito: zisomwe vipi, zikataliwe wapi

Robert Christgau, mhakiki wa muziki wa Marekani, alianza Consumer Guide, safu yake ya kuzipa albamu gredi, katika gazeti la Village Voice la New York mwaka 1969, na ni wahakiki wachache wa muziki ambao gredi zao za herufi zimebishiwa kama zake. Katika mfumo wa awali kila albamu ilipata aya moja fupi na gredi, kuanzia A+ hadi E-. Uhakiki wa miaka ya 1970 ulikusanywa kuwa kitabu mwaka 1981, vitabu vingine viwili vikafuata mwaka 1990 na 2000, na kwenye tovuti ya robertchristgau.com unaandika jina la bendi na kuona gredi zake zote mfululizo. Kwa kuchagua santuri, ni chombo kizuri sana. Kwa mpenzi wa bendi kama Black Sabbath au Yes kina hitilafu, ila ni hitilafu inayojulikana ilipo.

Kabla ya kukasirika, soma kwanza maana ya herufi yenyewe. Kitabu cha 1981 kinaeleza kila moja. A ni albamu ambayo pande zote mbili za santuri zinaendelea kufurahisha na kushangaza. A- inaruhusu upande usiokamilika, mradi pande zote mbili ziwe na nyimbo kadhaa zinazokidhi. B+ inahitaji upande mmoja unaostahimili kurudiwarudiwa, na upande wa pili uwe na angalau wimbo mmoja wa kufurahisha. B ni kazi ya kuheshimika ambayo wapenzi wa mtindo huo au wa msanii huyo wataisikiliza bila taabu. B- huwa na kama nyimbo tatu za maana. Kwa hiyo B si tusi, ni kama kuambiwa: ukiwa tayari unaupenda mtindo huu, chukua.

Angalia vipimo vyake basi: upande wa santuri, ambao ni kama dakika 20, na idadi ya nyimbo nzuri zilizomo. Ni mizani ya mtu anayeweka santuri nyumbani na kujiuliza kama ataigeuza ikifika mwisho. Inapima vizuri sana albamu zilizojengwa kwa nyimbo fupi zenye maneno makali. Exile on Main St. ya Rolling Stones (1972), nyimbo 18 katika santuri mbili, ilipata A+, na hapo sina ubishi. London Calling ya The Clash, A+ vilevile; sawa.

Ubishi mkubwa ni Black Sabbath. Paranoid (1970) ilipewa C-, na Master of Reality (1971) C- tena. Christgau mwenyewe alikiri kwamba bendi hii iliufikisha uzito mahali ambapo hapakuwahi kuwaziwa, kisha akaichukulia kama filamu ya kutisha ya kuchekea. Lakini ichukue Paranoid uipime kwa kanuni zake yeye. Upande wa kwanza una "War Pigs", "Paranoid", "Planet Caravan" na "Iron Man". Hizo ni nyimbo nne, na hakuna ya kuruka. Upande wa pili ni dhaifu zaidi ("Rat Salad" ni nafasi ya mpiga ngoma tu), ila unafungwa na "Fairies Wear Boots". Upande mmoja unaorudiwa, na wimbo mmoja wa uhakika upande wa pili: hiyo ni B+ kwa maandishi yake mwenyewe, hata kwa msikilizaji asiyejali metali, yaani roki nzito ya aina hii. Mimi naipa A.

Nadhani kilichompoteza ni kutafuta wimbo mahali ambapo kazi inafanywa na gitaa. Katika "Iron Man" sauti ya mwimbaji Ozzy Osbourne inafuata ileile njia ya gitaa. Kwa mizani ya nyimbo, huo ni uvivu wa kutunga. Kwa masikio ya metali, ndiyo nguvu yenyewe, maana sauti, gitaa na besi vinapiga pigo moja. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani, na ndio mkono anaoubonyezea nyuzi kwa kuwa ni wa mashoto. Kwenye Master of Reality alilegeza nyuzi hatua tatu nusu-toni chini katika nyimbo kadhaa, zikawa laini zaidi vidoleni, na besi ikashuka naye. Sikiliza "Into the Void" kwa spika zenye besi ya kutosha. Kwenye spika ya simu nusu ya utunzi inapotea, na C- inaanza kuonekana ya haki.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) ilipata B. Hapa tofauti yetu ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa. Upande wa kwanza una "On the Run", ambayo ni mashine inayozunguka hadi ichoshe, na hilo namkubalia. Upande wa pili, kuanzia "Money" hadi "Eclipse", unapita bila mshono wala doa. Ni A- yangu. Wish You Were Here (1975) yeye aliipa hiyohiyo A-, kwa hiyo wanaosema hana sikio la Pink Floyd hawajafika kurasa hizo.

Kwa roki ya progresivu, ile ya vipande virefu vyenye sehemu nyingi, mizani inavunjika kabisa. Close to the Edge ya Yes (1972) ina vipande vitatu tu, kimoja kikijaza upande mzima, ikapata C+. Utahesabuje nyimbo tatu nzuri mahali ambapo tatu ndiyo albamu yote? Thick as a Brick ya Jethro Tull, kipande kimoja kilichokatwa kwa sababu santuri lazima igeuzwe, ilipata C- (na upande wake wa pili, kusema kweli, unajirudia mno). Hata hivyo si urefu pekee unaomkera: wimbo uliobeba jina la Marquee Moon ya Television (1977) unakaribia dakika 10, na albamu ikapata A+. Pale mapigo hayabadiliki, magitaa mawili yanajibizana juu yake. Anachokikataa ni muziki unaobadili mwendo na sehemu kama simfonia. Ukiupenda huo, soma aya yake uiache herufi.

Led Zeppelin aliwatendea vema zaidi: albamu ya nne A, Houses of the Holy A-, Physical Graffiti B+. Hizo mbili za mwisho ningezibadilishana. Physical Graffiti (1975) ina nyimbo 15, nane mpya na saba zilizobaki kutoka vipindi vya kurekodi vya nyuma, ndiyo maana upande wa nne unayumba. Lakini upande wa pili, unaoishia na "Kashmir", hauna mfano kwenye Houses of the Holy.

Kosa linalofanywa sana ni kuchanganya gredi za enzi tofauti. Kitabu kilirekebisha baadhi ya gredi za gazetini. Tena mwaka 1990 Christgau aliubadili mfumo: albamu nzuri zikabaki na herufi, nyingi zilizosalia zikapata nyota au alama za picha. B- ya OK Computer ya Radiohead (1997) ni ya mfumo huo mpya, ambamo herufi ya chini ilitengewa albamu aliyotaka kuishambulia kwa makusudi. Usiilinganishe na B- ya Queen kwa A Night at the Opera. Alama ya mkasi inamaanisha kuna wimbo mmoja au miwili ya kuokoa, nayo hutajwa kwa jina: cheza hiyo, albamu iache. Bomu huja bila maelezo yoyote. Ukilikuta kwenye albamu ya metali, sikiliza mwenyewe, kwa kuwa hapo hujaambiwa kitu.