Hatimiliki ya kimila: inamlinda mwenye shamba. Na shamba lenyewe?

Kijiji cha Tanzania kisichotaka mashamba na malisho yake yageuke viwanja kina njia tatu za kisheria za kuyalinda, na zote huanza kwa hiari ya wanakijiji wenyewe: hatimiliki ya kimila (hati ya kumiliki ardhi ya kijiji) ya mtu mmoja mmoja, hatimiliki ya kimila ya kundi, na mpango wa matumizi ya ardhi wenye sheria ndogo. Hapa tunazipima kwa swali moja: miaka kumi ijayo, shamba litakuwa bado ni shamba?

Hati ya mtu mmoja ndiyo watu wanayoikimbilia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kijiji lazima kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, na hicho hakitoki kama mpaka na kijiji jirani bado unagombaniwa. Mwombaji anajaza fomu kwa mtendaji wa kijiji. Shamba linahakikiwa majirani wote wakiwa wamesimama mpakani, na Halmashauri ya Kijiji ina siku 90 za kutoa uamuzi. Hati husainiwa na mwenyekiti, mtendaji na mwenye shamba, kisha hupelekwa wilayani kwa afisa ardhi ili igongwe mhuri na kusajiliwa. Nakala hubaki kwenye masijala ya kijiji. Masijala hiyo ikiwa ni kabati lisilo na kufuli kwenye ofisi inayovuja, huo ndio udhaifu wa kwanza wa kuushughulikia, kabla hata ya kununua karatasi za hati.

Makosa mengi hutokea siku ya kupima. GPS ya mkononi hukosea mita tatu hadi tano, na chini ya miembe au minazi hukosea zaidi. Kwenye shamba la ekari 50 kosa hilo ni dogo. Lakini ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Mpaka mmoja ukisogea mita tano, zimeondoka mita za mraba 320, karibu asilimia 8 ya shamba. Kwa hiyo vipande vidogo vipimwe kwa kifaa cha usahihi mkubwa, au angalau kila kona iwekwe alama ya kudumu: jiwe lililozikwa, minyaa, mkonge. Ugomvi ukizuka, jiwe ambalo majirani walilishuhudia likizikwa litasaidia kuliko namba za kwenye karatasi. Kosa la pili ni majina. Shamba la mume na mke linaandikwa jina la mume peke yake, au jina kwenye hati halilingani na la kitambulisho cha taifa. Kurekebisha baadaye ni safari nyingi za wilayani.

Kisheria hati hii ya kimila ina hadhi sawa na hatimiliki ya ardhi inayotolewa na serikali kuu. Inarithishwa, na mwanamke ana haki ileile ya kuipata kama mwanamume. Kwa usalama wa mmiliki, ni nzuri sana. Kwa kuhifadhi shamba, peke yake haitoshi. Ekari moja hutoa viwanja kumi vya mita 20 kwa 20 kabla hujatoa njia, na dalali anayejua hesabu hiyo huja na bei ambayo mahindi hayawezi kuifikia. Mwenye hati akitaka kuuza, bila mpango wa kijiji ni vigumu kwa Halmashauri ya Kijiji kumkatalia.

Hati ya kundi ni imara zaidi, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kukata kipande na kukiuza. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Yaeda Chini, walipata ya kwao mwaka 2011. Huko wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho kwa makubaliano ya matumizi ya pamoja, na jina la eneo hilo, OLENGAPA, limetokana na herufi za majina yao. Kazi yake ni ngumu: kila kijiji kiitishe Mkutano Mkuu wake, kundi lisajiliwe na liwe na katiba, ramani zikubaliane pande zote. Hata hivyo, kwa malisho hatuoni njia bora kuliko hii. Kwa mashamba ya kaya moja moja haifai, na hakuna haja ya kuilazimisha.

Mpango wa matumizi ya ardhi ndio unaotenga eneo la kilimo, malisho, makazi na akiba. Hapa wengi hukosea jambo moja: ramani inapitishwa na Mkutano Mkuu, inabandikwa ukutani, basi. Sheria ndogo zake haziwi na nguvu mpaka zipitishwe na halmashauri ya wilaya. Bila hilo, kijiji hakiwezi kumtoza faini aliyejenga katikati ya eneo la kilimo, na nyumba moja ikishasimama huvuta ya pili. Jambo jingine ni eneo la makazi kupimwa dogo mno. Vijana wakikosa pa kujenga, watajenga shambani. Tengeni makazi ya kizazi kizima kijacho.

Mipaka ya njia zote tatu ijulikane mapema. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, kwa manufaa ya umma. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri wa Ardhi baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Mji ukipanuka na kijiji kikawa mtaa, mpango wa kijiji hupoteza nafasi yake, ingawa hati bado humpa mmiliki hoja ya kudai fidia.

Kwa kijiji kilicho mbali na mji tungeanza na mpango, kisha hati ya kundi kwa malisho, halafu hati za kaya. Kijiji kilichopakana na mji kisingoje mfululizo huo. Kihakiki na kusajili hati za kaya sasa hivi, kikianza na mashamba ya kandokando ya barabara, na muhtasari wa kila mkutano uwe na saini za waliohudhuria. Karatasi hiyo ya mahudhurio ndiyo ya kwanza kuulizwa shauri linapofika baraza la ardhi.