Tasnifu ya uzamivu: kuandikia Mlimani au Mtwara?

Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina maktaba kubwa, mlango wa msimamizi uko karibu, na wenzako wanakusomea rasimu. Hilo si dogo, hasa mwaka wa kwanza. Ila kodi na foleni hula posho na saa zako.

Ukishapata data, mimi nasema rudi Mtwara. Kwa sisi tunaotafiti korosho, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko jirani. Ukikwama kwenye ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unawauliza wanaoushughulikia kila msimu. Naandika kuanzia alfajiri hadi saa nne, nafunga kompyuta. Jioni nashuka Shangani maji yamekupwa, akina mama wanaokota chaza, ndoo zao zikigongana na mawe, na kichwa kinatulia. Mabibo yakianza kunukia uani, bibi huniletea mawili na kuuliza, "Mjukuu wangu, hicho kitabu hakijaisha tu?" Swali hilo Mlimani linaumiza, hapa linakuja na tunda mkononi.

Upweke wa kitaaluma upo, siufichi. Kwa hiyo kila Jumatatu nampigia msimamizi, hata kama nina ukurasa mmoja tu.