Wiki moja na jiko la presha la umeme: mbaazi ndiyo, ukoko hapana

Mume wangu alirudi nalo Ijumaa jioni, boksi kwapani: lita 6, wati 1,000, vitufe kumi na viwili. Mama mkwe, ambaye yuko nasi hapa Ngamiani tangu mwezi uliopita, alilizunguka kwanza ndipo akauliza, "Hilo nalo linapika au linachaji?"

Najua serikali ina mkakati wake wa 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sawa, lakini mkakati hauliwi. Mimi nilitaka kuona mbaazi, maana jiko lisilojua mbaazi Tanga litakuwa pambo la mezani.

Kwa mkaa, mbaazi za asubuhi huniamsha saa kumi alfajiri. Safari hii niliziloweka usiku, nikazitia saa kumi na mbili kasorobo, nikaweka dakika 25. Wauzaji hawasemi kwamba hizo 25 zinaanza kuhesabiwa jiko likishapata presha, na kabla ya hapo linakaa kimya kama robo saa. Likimaliza nako usubiri mvuke ushuke. Hata hivyo, saa moja kasorobo nilikuwa nimeshafungua: punje nzima, haijapasuka, na ukiibana kwa vidole inapondeka. Nilitazama Luku kabla na baada, haikufika nusu uniti. Elfu moja hunipa uniti 2.8, kwa hiyo mbaazi za watu sita zimeiva kwa chini ya shilingi 200. Maandazi yalinigharimu zaidi.

Jumapili nikajitia ujuaji, nikamimina tui humo humo tangu mwanzo. Kufungua, tui limekatika: mafuta juu, chengachenga chini. Mama alichungulia, hakusema neno. Akavuta mbuzi, akaomba nazi nyingine, akaanza kukuna. Kukuna kule kulinisema kuliko maneno. Tangu hapo mbaazi naziivisha kwa maji na chumvi, mvuke ukitoka nafungua kifuniko, nabonyeza kitufe cha kukaangia, natia tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa huku nakoroga bila kuacha mkono.

Wali unaiva vizuri ila hauna ukoko. Sufuria ya ndani haishiki kitu. Mwanangu wa mwisho aliingiza mwiko, akakwangua, akaangalia mwiko mtupu, akaniangalia mimi. Pilau la Ijumaa tulilirudisha kwenye mkaa, tukalipalia makaa juu ya kifuniko kama ilivyo desturi, na amani ikarejea nyumbani.

Kero nyingine ni ule mpira wa kifuniko. Jumatatu nilipika papa mkavu, Jumanne uji wa mchele ukanukia papa. Niliuosha kwa ndimu, nikauanika juani siku nzima, harufu ikapungua tu. Mkinunua, ombeni mpira wa pili palepale dukani, mmoja wa samaki na mmoja wa vitu vingine. Na tazameni plagi: ya kwangu ilikuwa ya miguu miwili, ikabidi nitafute adapta Mgandini.

Jumatano umeme ulikatika makande yakiwa ndani. Kifuniko hakifunguki mpaka presha iishe, na mimi sikuthubutu kukilazimisha. Tukakaa tunalitazama. Mwisho makande yalihamia kwenye mkaa na tukala saa tatu na nusu. Kwa hiyo jiko la mkaa msiligawe.

Kilichonifanya nilipende hakikuandikwa kwenye boksi. Kati ya Magharibi na Isha mimi huwa nakoroga, huku mmoja anapepea moto na mwingine anatumwa chumvi. Wiki hii hapakuwa na cha kukoroga. Tulikaa barazani na kitabu cha hadithi za Sungura na Fisi, kile kilichong'oka jalada, mimi nasoma na Bibi yao anasahihisha. "Sivyo. Fisi hakuwepo siku hiyo, alikuwa matangani." Mara kitabu kinafungwa, anasimulia yake, na yake ni bora. Mimi mwenyewe, watoto wakilala, nimesoma kurasa 60 za riwaya niliyoianza mwaka jana. Mume wangu anasema jiko lile ni la kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelinunua. Maskini.

Jiko likimaliza linapiga pii mara tatu, na hapo hadithi inakatwa, tunanawa mikono. Alhamisi nikiwa nabonyeza dakika za maharage, yule wa mwisho akanivuta kanga.

"Mama, weka saa nzima."

"Yatakuwa uji hayo."

"Basi yawe uji," akasema, akaenda kumtandikia Bibi yake mkeka.