Shanta la lita 40 kwenye basi na msitu wa mvua wa milimani: uzoefu wangu

Shanta lenyewe ni la lita 40, likiwa tupu lina kilo 1.3, kitambaa ni nailoni. Lina mkanda wa kiunoni, wa kifuani, na kifuniko cha mvua kilichokunjwa kwenye kimfuko cha kitakoni. Nalitumia kwa safari za aina moja tu: mtu peke yake, basi mpaka barabara inapoishia, halafu miguu kupanda msituni kwa siku nne hadi sita. Nalipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoikata ni ya kifuniko.

Kifuniko kinazuia mvua ya juu na ya nyuma, lakini upande unaogusana na mgongo hakifiki. Maji yanachuruzika shingoni, yanalowesha pedi za mgongo, kisha yanapenya kwenye mishono ya mikanda ya mabegani. Yakishuka yanazuiwa na kifuniko chenyewe na kutuama kitakoni kama kwenye beseni. Mvua ikinyesha saa mbili mfululizo, ukikivua unamwaga maji. Dawa yake ni kutoboa tundu la milimita tano mahali pa chini kabisa kwa msumari uliopashwa moto, maana nailoni ikichomwa kingo zinajifunga na hazifumuki. Kifunge pia kwa kamba nyembamba kiunoni mwa shanta, la sivyo miiba na mitambaazi ya njia nyembamba itakivua bila wewe kujua.

Kinga ya kweli ni ya ndani. Tia mfuko mzito wa plastiki wa lita 60, maana mdomo lazima ubaki mrefu. Ukishapanga vitu, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo, ukunje urudi chini, funga kwa raba. Kuufunga fundo ni kosa: likilowa halifunguki kwa vidole vya baridi, unaishia kuupasua. Ndani ya mfuko huo weka begi la kulalia, nguo za usiku, soksi kavu na chakula. Hema, sufuria na koti la mvua vikae nje yake. Shati bichi usilitie ndani hata kama umelikamua, kwa sababu unyevu wake utahamia kwenye begi la kulalia kabla hakujapambazuka, na msitu wenye ukungu haukaushi kitu. Ndiyo maana begi la manyoya ya bata silipendekezi huko: likipata unyevu linasinyaa na joto linakwenda nalo. Kumbuka kila mita 1,000 unazopanda zinapunguza joto kwa takriban nyuzi 6.5.

Kwenye basi lita 40 ndiyo raha yake. Linakaa katikati ya magoti. La lita 65 litakwenda kwenye buti au juu ya keria, chini ya magunia, na huko ndiko vifungo vinakovunjikia. Likilazimika kwenda buti, zungusha mkanda wa kiunoni kinyumenyume ulikumbatie shanta, ufunge, ukaze. Hapa nina lawama nyingine: kifungo cha kiunoni kimeshonewa, kikivunjika hakibadilishwi bila kufumua. Beba cha akiba chenye upenyo pembeni, kile kinachopachikwa bila sindano. Kabla ya kushuka, muulize kondakta gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi na kama linapanda mvua ikiwa imenyesha. Barabara ya udongo ikiloa, basi huenda likaishia njiani, kwa hiyo chakula cha siku moja ya ziada si anasa.

Kulivaa: legeza mikanda yote, kaza wa kiunoni kwanza ukiwa juu ya mifupa ya nyonga (wengi wanaufunga tumboni, halafu wanalaumu shanta), ndipo mabega, ndipo kifua. Vizito vikae karibu na uti wa mgongo, kati ya mabega na kiuno. Unapoteremka kwenye matope ya mizizi kaza zaidi, kwani shanta linaloyumba ndilo linalokuangusha. Pamoja na lita mbili za maji, mzigo wangu hauzidi kilo 10. Ukivuka 12 pedi za mkanda zinabonyea na uzito wote unarudi mabegani.

Hesabu ya muda wengi wanaikosea. Kanuni ya William Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892 inasema saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mwinuko wa mita 900 inatoka karibu saa nne. Kwenye msitu uliolowa mimi nazidisha kwa moja na nusu, na mizizi ikiwa mingi kwa mbili: saa sita mpaka nane. Karibu na ikweta jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na chini ya miti giza linatangulia. Basi likikushusha saa sita mchana, lala hapo hapo uanze alfajiri. Aliye peke yake hana wa kumtafuta, kwa hiyo mwachie mtu jina la njia na siku ya kutoka.

Ukirudi, fungua zipu zote, ligeuze nje ndani, lianike kivulini siku mbili tatu. Likihifadhiwa bichi, utando wa ndani unaozuia maji unaanza kunata na kunuka uchachu, kisha unabanduka vipande vipande. Ukifika hapo haurudi, hata uupake dawa gani.